Mkono wa Fundi na Daftari Lake

Hotuba iliyosomwa katika hitima ya mzee mmoja wa Busia, aliyekuwa fundi wa baiskeli, cherehani na mashine

Shukrani na sifa ni zake Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu mkono, kisha akampa na akili ya kuutumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, ambaye Bibi Aisha amesimulia ya kuwa alipokuwa nyumbani alishona viatu vyake mwenyewe na kutia viraka nguo zake, wala hakuona haya kufanya hivyo.

Waheshimiwa masheikh, wazee wa jamaa, ndugu Waislamu mliotoka Busia ya pande zote mbili za mpaka, na ninyi mliotoka Tororo, Malaba na Mumias; na kina mama mlioko upande wa pili wa pazia. Zimetimia siku arobaini tangu mzee huyu kuitika wito wa Mola wake. Kisomo kimesomwa, dua imeombwa, na sasa wakati umewadia wa kusema maneno machache juu ya maisha yake.

Jina lake halitatajwa katika maneno haya. Si kwamba halijulikani, maana hapana mtoto katika mji huu asiyelijua. Lakini marehemu aliusia kwa kinywa chake kwamba jina lake lisiandikwe ukutani, wala kwenye jiwe, wala katika kitabu. Jamaa zake wameiheshimu kauli hiyo. Basi ataitwa kama alivyoitwa na watu wote kwa muda wa miaka zaidi ya sitini, yaani Fundi.

Fundi alizaliwa karibu na mwaka 1931. Hakuandikiwa cheti cha kuzaliwa, bali mama yake alihesabu kwa habari ya reli, akisema mtoto huyu alikuwa mgongoni ziliposikika habari kuwa gari la moshi limefika Kampala. Babu mzaa baba alikuwa katika watu waliokuja na misafara ya Waswahili hata Mumias, wakaoa huko na kukaa. Mama yake alikuwa Msamia. Kwa hiyo alikuwa na wajomba upande wa Kenya na baba wadogo upande wa Uganda, kama walivyo watu wengi wa mpaka huu, ambao ulichorwa na wengine juu ya ramani, nao wenyeji wakaukuta umekwisha kupita katikati ya mashamba yao. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilikatwa na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Hivyo ndivyo ndugu wa damu walivyofanywa kuwa raia wa nchi mbili pasipo mtu yeyote kuhama nyumba yake.

Alisoma chuoni akahitimu Qurani, kisha baba yake akampeleka Tororo kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyeuza na kutengeneza baiskeli. Huko alikaa miaka saba. Mwaka wa kwanza hakupewa spana. Alipewa kitambaa na bakuli la mafuta ya taa, akaambiwa asafishe beringi, na kila jioni azihesabu mbele ya mwalimu wake zisipungue hata moja. Wenzake wawili walikimbia kazi hiyo, yeye akabaki. Aghalabu alipowasimulia wajukuu wake habari hii husema kwamba katika mwaka ule hakujifunza baiskeli, alijifunza kuhesabu mali ya watu.

Mwaka 1952 Serikali ya Uganda iliunda Shirika la Maendeleo la Uganda, na kiwanda cha saruji cha Tororo kikawa miongoni mwa miradi yake ya kwanza, maana vilima vya hapo vina mawe ya chokaa. Fundi alipata kazi kiwandani, akafundishwa kutengeneza mitambo ya kusaga mawe. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa pale Jinja, umeme ukaja mashariki, naye akajifunza na mambo ya nyaya na mota. Alijua kulehemu, alijua kuchonga chuma kwa tupa mpaka kikaingia mahali pake bila kugongwa, alijua kutazama mashine inayolia na kusema ugonjwa wake uko wapi kabla haijafunguliwa. Siku zote hizo, kila alipotoka zamu, aliuona Mwamba wa Tororo umesimama juu ya mji, na aliupenda mwamba ule hata uzeeni, akasema ndicho kitu pekee mjini Tororo kisichohitaji fundi.

Baada ya nchi kupata uhuru, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, aliacha kazi ya kiwanda akarudi Busia kufungua banda lake. Lilikuwa banda la miti na mabati, upande wa Uganda, karibu na njia iendayo mpakani. Sehemu ile siku za ujana wake ilikuwa katika Bukedi, baadaye ikahesabiwa Tororo, na mwaka 1997 Busia ikafanywa wilaya peke yake. Banda halikusogea hata shubiri moja, bali anwani yake ilibadilika mara mbili.

Wakati aliofungua banda ndio wakati ilipoanza kazi ya kuchukua abiria kwa baiskeli. Baina ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na mwendo usio mdogo kwa mtu mwenye mzigo, na magari hayakuvuka kwa urahisi. Vijana wenye baiskeli wakawa wanasimama njiani wakiita, "Boda! Boda!" wakimpeleka mtu kutoka mpaka hata mpaka kwa senti chache. Inajulikana kwamba kazi hiyo ilianza hapa Busia katika miaka ya 1960, ndipo ikaenea Uganda yote, Kenya, na nchi za jirani. Na leo, ijapokuwa pikipiki zimechukua mahali pa baiskeli, jina limebaki lile lile.

Fundi hakuianzisha kazi hiyo, wala hakupata kudai hivyo. Lakini baiskeli ya kiwandani haikuundwa kwa ajili ya watu wawili na gunia la mahindi. Keria zilikatika, spoki zilikatika, na rimu zilipinda. Yeye akaanza kuziimarisha keria kwa vyuma vya pembeni, akafunga spoki nene katika gurudumu la nyuma, akashona mto wa ngozi wa kukalia abiria, na kwa ajili ya kina mama akatia kipande cha bati pembeni ili buibui au kanga isinaswe na mnyororo. Kipande kile hakukitoza fedha. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kijana asiye na uwezo atakikataa kikiwa kwa bei, na atakayeanguka si kijana, ni mama wa watu.

Hapa yapasa kutaja desturi yake ya kuandika. Mwaka 1966 shilingi moja ya Afrika Mashariki, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, ilianza kuondolewa, na kila nchi ikatoa fedha yake. Mteja wa asubuhi akalipa kwa fedha ya Kenya, wa jioni kwa fedha ya Uganda, naye Fundi akanunua daftari nene akalipiga mstari katikati. Upande mmoja fedha hii, upande wa pili fedha ile. Na kila kitu kilichoachwa bandani kilifungwa kibao kidogo cha bati kwa waya, na juu ya kibao alichora kwa msumari jina la mwenyewe na tarehe. Kwa karatasi hakukubali, maana karatasi huliwa na mafuta na mende, na mali ya mtu haifai kuachwa kwa hisani ya mende.

Katika mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitoa amri Waasia waondoke Uganda kwa muda wa siku tisini. Yule mwalimu wake wa Tororo alikuwa mzee tayari. Alikuja Busia usiku na sanduku la vyombo vyake vya kazi, vyombo vya kupimia, tupa za kila namna na keekee ya mkono, akamwambia, "Nitunzie mpaka nirudi." Fundi alichora kibao akakifunga kwenye mpini wa sanduku. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, alilifungua, akapaka kila chombo mafuta, akalifunga tena. Siku moja katika miaka ile ya dhiki, vifaa vilipokosekana kabisa, mwanawe mkubwa alishika keekee katika sanduku lile akataka kuitumia. Baba yake aliipokea mkononi mwake bila ukali, akairudisha, akamwambia, "Mwanangu, amana si akiba."

Miaka ile ilikuwa migumu. Duka zilifungwa, vipuri vikapotea. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka uliokuwa mstari tu ukawa ukuta. Fundi alikata vipande vya tairi kuukuu kufanya breki, alinyosha waya kufanya spoki, alitengeneza kandili zilizotobolewa na kutu kwa risasi, na cherehani za Singer zilizokuwa zimekwisha kutupwa akazirudishia uhai, hata mafundi nguo wa Busia na Tororo wakawa wanasema mashine zao zina baba wawili.

Na hizo ndizo zilizokuwa siku za magendo. Kahawa ilivushwa usiku kwenda Kenya, na sabuni, chumvi na sukari zikarudi. Wapo waliomjia na fedha nyingi wakitaka awatengenezee vyombo vyenye sakafu mbili, au fremu za baiskeli zilizofunguliwa ndani ili zifichwe vitu. Alikataa. Lakini yafaa kusema kweli yote: maskini aliyevusha kilo mbili za chumvi kwa ajili ya wanawe akapasukiwa tairi njiani, Fundi alimzibia tairi lake wala hakumwuliza alichobeba. Wapo waliomlaumu kwa kukataa, na wapo waliomlaumu kwa kuziba. Yeye alisema kwamba mkono wake hautatengeneza uongo, ila tundu la tairi si uongo.

Kuhusu msikiti, kazi zake zaonekana mpaka leo. Pampu ya maji ya udhu aliifungua na kuifunga mara nyingi hata akawa anaijua kama mtu ajuavyo meno yake. Jeneza la msikiti aliliunda yeye kwa mabomba mepesi ya chuma, na kabla ya kuliunda alizunguka na kamba akapima milango ya nyumba za Waislamu mtaa kwa mtaa, maana lile la zamani lilikuwa halipiti katika milango ya nyumba ndogo, na maiti wa maskini alilazimika kutolewa amebebwa kwa mikono mpaka uani. Hili lapita katika kila mlango. Juu ya jeneza hilo hilo ndipo alipochukuliwa yeye siku arobaini zilizopita, na waliobeba wanasema lilikuwa jepesi.

Ndugu wasikilizaji, hitima si mahali pa kumpamba mtu kwa sifa asizokuwa nazo, na marehemu mwenyewe asingependa hivyo. Fundi alikuwa na kosa moja, nalo lilijulikana nyumbani kwake kuliko njiani. Alikuwa mwepesi mno wa kusamehe wateja. Mtu akisema hana, alimwambia alete akipata, na wengi hawakupata mpaka leo. Uzito wa wema huo hakuubeba peke yake. Waliubeba na watu wa nyumbani mwake, na zaidi ya wote aliubeba binti yake wa tatu.

Binti huyo alirudi kwa baba yake mwaka 1990, mumewe alipofariki, akiwa na watoto wawili. Hakukaa jikoni. Alifunga kanga kiunoni akaingia bandani, na watu walishangaa mwanzo, kisha wakazoea, kisha wakaanza kumtaka yeye kwa ajili ya cherehani, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi na macho ya baba yake yalikuwa yameanza kudhoofika. Miaka ishirini na minne alifanya kazi pamoja na baba yake, akishika jiliwa, akilehemu, akinoa, akiandika vibao. Na katika miaka hiyo aghalabu hakupokea ujira. Kila mwezi palikuwa na haja iliyotangulia: karo ya mjukuu, dawa ya mama yao, bati la nyumba. Kaka zake walikuwa na kazi zao, wawili Tororo na mmoja upande wa Kenya, nao wakahesabu kwamba dada yao anakula na kulala kwa baba, basi ana haja gani ya ujira?

Mzee alipofariki, wana walikutana. Baada ya gharama za maziko, palikuwa na nyumba, kiwanja kidogo, na banda na vyombo vyake. Kaka mkubwa alitoa shauri vyombo viuzwe kwa wafanya biashara wa vyuma wa Tororo, fedha zigawanywe kwa hukumu ya mirathi, kila mtu achukue fungu lake na mambo yaishe. Shauri hilo halikuwa la dhuluma. Kisheria vyombo ni mali ya marehemu, mali ya marehemu ni ya warithi wote, na wala baba hawezi kumwusia mmoja wa warithi wake pasipo ridhaa ya wengine. Dada yao hakusema neno. Alisema tu, "Kaka, kabla ya kuuza, fungueni daftari la Baba."

Daftari zilikuwa nyingi, zimefungwa katika kitambaa cha turubali. Katika zile za tangu mwaka 1990 palikutwa ukurasa ambao hapana aliyeujua ila marehemu, binti yake, na mashahidi. Kila mwaka, katika mwezi wa Shaabani, mwezi ule ule wa kupaka mafuta sanduku la amana, Fundi aliandika kwa mkono wake kwamba binti yake fulani amefanya kazi bandani mwake kwa ujira wa mifuko mitatu ya saruji ya Tororo kila mwezi, kwamba iliyolipwa ni kadha, na iliyobaki ni deni juu yake. Chini yake palikuwa na sahihi za watu wawili. Mashahidi wengine wamekwisha kufa, lakini sahihi zao zipo, na wengine wamo katika mkutano huu.

Kwa nini saruji? Kwa sababu Fundi alikuwa ameona fedha zikigeuka mbele ya macho yake, mwaka 1966, na tena mwaka 1987 ambapo shilingi mia za Uganda zilifanywa kuwa moja. Aliona kwamba deni la fedha linaweza kuliwa na miaka kama karatasi inavyoliwa na mende. Mfuko wa saruji ni mfuko wa saruji, na alijua kilicho ndani yake kwa kuwa alifanya kazi mahali unapotengenezwa. Jumla ya mifuko ambayo haikulipwa ilifika 612.

Sheikh aliitwa, akasoma, akawauliza mashahidi walio hai. Kisha akawakumbusha warithi mambo ambayo kila Mwislamu ameyasikia na wengi huyasahau. Kwanza, kwamba aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, haikushuka juu ya sala wala juu ya saumu. Imeshuka juu ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Pili, kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, aliletewa maiti mwenye deni akajizuia kumsalia, mpaka sahaba Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake. Tatu, kwamba mali ya maiti ina utaratibu wake: maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na baada ya hayo yote ndipo warithi. Ujira wa binti huyo, akasema, si wasia wala si upendeleo. Ni deni kama deni la mtu wa mbali, limeandikwa mzee akiwa mzima wa afya, mwaka baada ya mwaka.

Kaka mkubwa alilichukua daftari, akakaa nalo peke yake chini ya mwembe. Inasemekana alikaa mpaka adhana ya Alasiri. Alichokiona ni kwamba karibu na kila mstari wa ujira uliokosa kulipwa palikuwa na mstari mwingine wa matumizi ya mwezi ule. Na katika miezi mingi, palipoandikwa kwamba dada yake hakupata mifuko yake mitatu, kando yake paliandikwa karo ya shule, na jina la mtoto aliyelipiwa. Jina hilo lilikuwa la mwanawe yeye.

Aliporudi kutoka sala aliwaita ndugu zake wote, akasema mbele yao, "Dada, wewe ndiwe uliyemsomesha mwanangu, na mimi sikukushukuru kwa kuwa sikujua. Chukua vyombo, chukua na banda. Kama havifiki mifuko 612, kilichopungua nitakitoa mimi." Dada yake alimjibu, "Kaka yangu, kilichopungua nimekusamehe. Ila daftari usilichome." Basi likaandikwa hivyo, mashahidi wakatia sahihi, na nyumba na kiwanja vikagawanywa kwa warithi kwa mafungu yao, bila ya mmoja kumwinulia mwenzake sauti. Dawa ya deni ni kulipa, wamesema wazee, na hapa dawa hiyo iliponya zaidi ya deni.

Ndugu Waislamu, ndani ya kisa hiki mna jambo la kuchukuliwa nyumbani. Katika nyumba nyingi za mji huu yumo mtoto, aghalabu wa kike, ambaye amebaki kuwauguza wazee, kulima shamba, au kulinda duka, huku wenzake wameenda mbali. Siku ya mirathi huhesabiwa kwa fungu lake tu, na kazi yake ya miaka haihesabiwi popote kwa kuwa haikuandikwa. Fundi hakuweza kulipa kila mwezi, na hilo ndilo kosa lake. Lakini alikiri deni, aliliandika, alilishuhudisha, wala hakuliita wema wa mtoto kwa mzazi ili alikwepe. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, na bado imepokewa kwamba hakula ila kwa kazi ya mikono yake. Basi ikiwa mkono wa mtu una heshima hiyo mbele ya Mwenyezi Mungu, mkono wa mtoto wake nao una heshima iyo hiyo.

Mwaka 2018 serikali za Kenya na Uganda zilizindua kituo kimoja cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Fundi alikuwa hawezi tena kutembea mbali. Alipelekwa kukitazama, amekaa juu ya keria ya baiskeli iliyo na mto wa ngozi, baiskeli kuukuu ya Raleigh, binti yake akiisukuma kwa mkono. Alitazama kwa muda, akasema, "Wameziba tundu." Kisha akaomba arudishwe bandani, kwa kuwa palikuwa na cherehani ya mtu iliyoahidiwa kabla ya Magharibi.

Yamebaki maneno mawili ya kazi. La kwanza, bandani mlikutwa vitu vingi vya watu vyenye vibao. Vingi vimekwisha kurudishwa kwa wenyewe au kwa watoto wao, pande zote mbili za mpaka. Vingali vimebaki kumi na saba: baiskeli nne, cherehani mbili, karabai, saa za ukutani, na vitu vidogo vidogo. Vibao vingine tarehe yake ni ya miaka ya 1980. Mwenye kitu chake, au aliyewahi kusikia mzee wake akisema ameacha kitu kwa Fundi, na aje akitazame kibao. Hatatozwa fedha ya matengenezo, maana daftari laonyesha kwamba vyote vimekwisha kutengenezwa.

La pili ni lile sanduku la Tororo. Kibao chake kingali juu ya mpini, na vyombo vyake havina kutu. Mwenyewe hakurudi. Sheikh ameamua kwamba warithi wake watafutwe kwanza kwa juhudi, kwa barua na kwa watu wa jamaa yao waliorejea Tororo. Na wasipopatikana baada ya juhudi hiyo, thamani yake itolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, si kwa niaba ya Fundi. Chama kimeombwa kusaidia, na kila ajuaye habari anaombwa aifikishe. Binti wa Fundi amesema kwamba mpaka hapo atakuwa akilipaka mafuta kila Shaabani, kama ilivyokuwa.

Banda limefunguliwa tena tangu wiki ya tatu baada ya maziko. Wako vijana wawili wanaojifunza, mmoja ni mjukuu wa yule kaka mkubwa, ametoka Tororo. Bado hajapewa spana. Amepewa kitambaa na bakuli la mafuta ya taa, na kila jioni huhesabu beringi mbele ya shangazi wa baba yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi, amsamehe aliyoyapunguza, amlipe kwa aliyoyatengeneza, na awasaidie wote waliohudhuria kuandika madeni yao wakiwa wazima. Amina.